Chapuchapu na Suruali ya Mdogo Wake

Chumba chetu cha kazi kina urefu wa hatua nane na upana wa hatua tano. Najua kwa sababu kwa miaka tisa nimemtazama fundi mwenzangu akizikanyaga hatua hizo tangu asubuhi mpaka jioni, na kuna siku natamani nimfunge kwa uzi kwenye kiti chake. Mimi napiga pasi. Pasi inataka mtu aliyetulia. Yeye anashona, na kushona nako kunataka mtu aliyetulia, lakini nani atamwambia? Wateja wamempa mwanamke huyu jina la Chapuchapu, naye analiitikia.

Hashoni magauni wala mashati. Anashona suruali za kike, hasa zile fupi zinazoishia kati ya goti na kifundo cha mguu, ambazo siku hizi kila mwanamke wa ofisini anazitaka. Watu hudhani ni kazi rahisi: chukua suruali, kata chini, pinda. Thubutu kumwambia hivyo uone. Nilimwambia mara moja, mwaka wetu wa kwanza, akaninunia wiki nzima.

"Suruali ndefu inasamehe," husema, pini zikiwa mdomoni. "Fupi haisamehi. Ukikosea kidole kimoja tu, umemkata mtu miguu."

Mteja akija, hampeleki kwenye kioo. Anamvua viatu, anampandisha juu ya sanduku la mbao, anamzunguka, anarudi nyuma, anaenda mlangoni kumwangalia kwa mbali, anarudi tena. Halafu anapiga magoti na kupapasa mguu kutoka gotini kushuka, polepole, mpaka mkono ukutane na pale mguu unapokonda. Hapo anaweka alama ya chaki. Pindo litaishia hapo, na hakuna kubishana.

Wanabishana, lakini. Mwalimu mmoja mfupi, mfupi wa kweli, alikuja anataka suruali pana inayoishia katikati ya shavu la mguu, kama aliyoiona kwa mwenzake. "Mwalimu, ile ni ya twiga," akaambiwa. "Wewe ukiivaa utaonekana umesimama shimoni." Akashonewa nyembamba, kiuno kimepandishwa, pindo vidole viwili juu ya kifundo, na akaagizwa asiivae na viatu vya mkanda wa kuzunguka mguu. Alitoka pale shingo imenyooka, akasahau hata kutuaga. Muuza vitunguu wa jirani, mwenye nyonga za kujaza mlango, yeye alitaka ya kubana chini. Akakataliwa katakata. "Ukibana chini, juu kunapiga kelele," Chapuchapu akamwambia, akamkatia mguu ulionyooka kutoka nyongani, kitambaa kizito cha rangi ya giza, mifuko ya pembeni hakuna. Mama mwenye tumbo hupewa zipu ubavuni na lastiki nyuma tu, mbele pabaki bapa. Ile pana yenye marinda, ambayo mwalimu aliililia, alipewa karani wa posta, msichana mwembamba kama ufito. Nilipouliza kwa nini, nikajibiwa kwamba mwembamba ana nafasi ya kuchezea kitambaa, wengine hatuna. Alisema "hatuna" akikitazama kitambi changu.

Mtu mmoja tu hakuwahi kupanda lile sanduku: mdogo wake. Hao wawili wamefanana kama shilingi kwa ya pili, isipokuwa mdogo mtu anajua kukaa kitako. Anafanya kazi mapokezi, kwenye hoteli kubwa mtaa wa juu. Tangu wakiwa wasichana wamekuwa wakibadilishana nguo, kwa hiyo Chapuchapu akitaka kumshonea anajipima mwenyewe, basi. "Kiuno chake nakitembeza mimi hapa," husema akijipiga nyongani. Ikifika siku ya kuchukua, nguo inakaa kama imemwagiwa mwilini. Nimeliona hilo mara ishirini.

Sasa hoteli ikabadilisha sare. Wanawake wote wa mapokezi wavae suruali fupi ya bluu, na siku ya Alhamisi wenye hoteli watakuja kumchagua msimamizi wa mapokezi. Mdogo mtu ameingoja nafasi hiyo miaka sita. Kila mtu anajua ni yake. Akatuletea kitambaa kwa mkono wa mtu, na karatasi: "Dada, jipime kama kawaida. Ila ongeza inchi tatu chini, na upana mguuni."

Chapuchapu aliisoma ile karatasi akiwa amesimama. Akaisoma tena akitembea.

"Inchi tatu za nini?"

"Labda anaogopa baridi," nikasema.

"Huyu? Huyu ambaye kwetu walikuwa wanamwita Kifundo? Ana vifundo vya miguu vizuri kuliko vya watu wote ninaowajua, na anataka kuvifunika siku ya kuchaguliwa?" Akampigia simu. Simu ikaita, haikupokelewa. Baadaye ukaja ujumbe kwamba yuko kazini, asisumbuke, afanye tu alivyoambiwa.

Ungemwona siku tatu zile, ungemwonea huruma. Mimi sikumwonea, nilikuwa na mashuka arobaini ya kunyoosha na yeye ananikatiza mbele kila dakika. Anashona mshono mmoja, anainuka. Anaenda mlangoni, anatazama barabara, anarudi, anauliza, "Inchi tatu?" kana kwamba mimi ndiye niliyeziomba. Nikamwambia aongeze hizo inchi roho zetu zipumzike. Akanikata jicho. Akajipima mguu wake mwenyewe, akaweka pindo pale linapostahili, na upana hakuongeza hata uzi mmoja. Nilidhani ni kiburi cha fundi. Kiburi kilikuwepo, sikatai.

Jumatano mchana mdogo mtu akaja. Alikuwa na sketi ndefu ya kufagia sakafu na uso uliojaa kidogo. Nikamwambia amenenepa, maisha yanamkubali, akacheka haraka haraka. Akachukua suruali, akaingia nyuma ya pazia.

Tukasubiri. Chapuchapu akazunguka meza mara moja, mara mbili. Nyuma ya pazia tukasikia kitambaa kikivutwa, mtu akihema, kikivutwa tena.

"Vipi huko?"

"Sawa tu. Dada, sikukuandikia uongeze?"

"Toka nikuone."

"Nitaivalia nyumbani."

"Toka!"

Hakutoka. Chapuchapu akalivuta pazia lote mpaka pete mbili zikadondoka. Mimi nikageuzia macho pasi yangu, lakini si haraka ya kutosha. Kiuno kilikuwa kimekaa vizuri kabisa. Tatizo lilikuwa chini. Kitambaa kilikuwa kimekwama kwenye shavu la mguu, kimekaza, na chini yake mguu ulishuka unene uleule mpaka kwenye unyayo, ngozi inang'aa.

Chapuchapu akapiga magoti kama kwa mteja yeyote. Akapapasa kutoka gotini kushuka. Mkono ukafika chini bila kukutana na kitu. Akarudi juu, akaanza upya. Kisha akabonyeza kwa kidole gumba, akatoa kidole, na shimo la kidole likabaki pale pale. Akabonyeza mguu wa pili. Likabaki.

"Tangu lini?"

"Ni kusimama tu, dada. Mapokezi tunasimama kutwa."

"Nimekuuliza tangu lini."

"Miezi minne." Akawa anatazama dari. "Hospitali walisema nirudi nikapimwe damu na mkojo, nilazwe hata siku mbili. Nikaona nikienda sasa watasema mgonjwa, watampa mwingine. Nikishapita kesho, nitakwenda. Wallahi nitakwenda. Shusha tu hilo pindo. Kitambaa cha ndani kipo, nimekiona."

Hapo ndipo nilipolitia lile domo langu. "Mficha maradhi kifo humuumbua," nikasema. Mdogo mtu akaanza kulia, na mimi nikatamani ardhi ipasuke inimeze pamoja na pasi.

Chapuchapu hakunisikia. Alikuwa ameshika mkasi. Nikadhani anafumua pindo ashushe, na moyoni nikamlaumu. Badala yake akaingiza ncha ya mkasi chini ya kitambaa pale magotini na kukata kwa kuzunguka, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, mkato wa ovyo unaopanda na kushuka, mkato ambao ingekuwa ni mtu mwingine kaufanya angemfukuza mtaani. Vipande viwili vya bluu vikaanguka sakafuni. Miguu ikabaki wazi yote, imevimba, na alama za soksi zimezama nyamani.

"Umefanya nini?" mdogo mtu akapiga kelele. "Umeniharibia! Kesho nitavaa nini?"

"Kesho huvai kitu. Sketi iko wapi?" Akaitoa nyuma ya pazia, akanirushia. "Loweka."

Nami, kwa ujinga wa kuzoea kutii, nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji.

Mdogo mtu akamtukana. Alimwita mchawi, alimwita mwenye wivu, akamwambia kwamba yeye ameishia kwenye kibanda cha nguo ndiyo maana hataki mwenziwe apande. Chapuchapu alikuwa anatafuta viatu vyake chini ya meza. Alipovipata akamshika mdogo wake mkono, akaniambia, "Funga mlango, ita gari," na tukatoka hivyo hivyo, watu wa barabarani wanageuka, yeye mbele anavuta, mwenziwe nyuma analia na ile suruali ya nyuzi zinazoning'inia. Kwa mara ya kwanza katika miaka tisa nilishukuru kwamba mwanamke yule hajui kutulia.

Hospitalini kijana wa kuandikisha aliitazama ile miguu kabla hata ya kuuliza jina. Akainuka, akamwita muuguzi. Muuguzi akabonyeza kama alivyobonyeza Chapuchapu, akatoka, akarudi na chupa ya mkojo na karatasi nyekundu. Tukaambiwa tukae karibu na mlango wa daktari, mbele ya watu wote waliotutangulia. Hakuna aliyelalamika. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Tukakaa benchini, wao wawili na mimi pembeni. Mdogo mtu alikuwa ameacha kulia, amekasirika tu. Akasema bila kumtazama dada yake, "Ungeweza kuniambia kwa maneno. Hukuwa na haja ya kunivua nguo mbele za watu."

Chapuchapu akainuka, akaenda mpaka ukutani, akarudi, akabaki amesimama mbele yake.

"Mama ulimkuta ameshafungwa sanda," akasema. "Ulikuwa chuoni. Wewe uliambiwa ni ghafla."

"Ilikuwa ghafla."

"Aliniletea sketi yake nishushe pindo. Akasema anaona haya, miguu imejaa. Nikashusha. Baada ya mwezi akaniletea nyingine, nikashusha. Ya tatu nikamshonea mpya kabisa, ndefu, pana. Akaivaa akajizungusha, akasema, 'Mwanangu una mkono wa dhahabu, hakuna atakayejua.' Mimi nikafurahi."

Nimekaa na mtu huyu miaka tisa, na hilo sikuwahi kulisikia. Kumbe nilikuwa nimemzoea tu, simjui.

Mdogo mtu akamgeukia. Nilidhani atamlaani, na kusema kweli nilikuwa nimeshajiandaa kuwaamua.

"Kwani alikuambia anaumwa?"

"Hakuniambia."

"Na wewe hukumuuliza?"

"Nilimuuliza anataka rangi gani," Chapuchapu akasema.

Mlango ukafunguliwa, wakamwita mgonjwa.