Kiti cha Meri Kilichokaliwa na Vifaranga

Siku yangu ya kwanza katika uwanja wa ndege wa Eldoret nilipewa fimbo. Mimi nilikuwa nimetegemea yunifomu. Wakati huo, miaka ya hamsini, uwanja ulikuwa majani yaliyofyekwa, kibanda cha mabati, na soksi ya upepo, yaani mfuko wa kitambaa juu ya mlingoti wa kumwonyesha rubani upepo unatoka wapi. Fimbo ilikuwa ya kufukuza ng'ombe. Bwana Meneja, mzungu wa pale uwanjani, aliniambia, "Ng'ombe moja nabaki hapa, wewe napotea." Nikaelewa.

Niliishia darasa la nne kwetu Bungoma, kwa hivyo nikiandika vibaya mahali mnisamehe. Mmeniuliza kazi ya ndege ilikuwaje. Nitaeleza niliyoona, na pale sina hakika nitasema sina.

Baada ya fimbo nilipandishwa mpaka kwenye mizani, mizani ileile ya kupimia magunia ya mahindi. Ndege zilikuwa ndogo, kwa hivyo kila abiria alipimwa pamoja na mizigo yake. Kuna mamemsahib, yaani mabibi wa kizungu, waliosimama juu ya mizani na kuniamuru nifumbe macho, halafu wakanikasirikia nisipowasomea uzito. Mzito aliketi mbele, mwepesi nyuma, ili mkia usilemewe. Mimi niliwaonyesha viti, nikafunga mikanda, na mwisho nikatoa kabari, vile vipande vya mbao vinavyozuia magurudumu.

Sheria moja nilifunzwa na Bwana Meneja mwenyewe, na ilikuwa nzuri: mwenye mtoto apande kwanza, na mtoto asiketi mbali na mtu wake. "Toto nalia juu huko, rubani nachanganyikiwa," alisema. Niseme pia kwamba hakuwahi kunipiga, na niliposhikwa na malaria alinipeleka hospitali kwa gari lake. Nayasema haya mapema kwa sababu nikifika mbele sitaweza.

Kulikuwa na yaya anaitwa Rael, wa shamba moja upande wa Chepsaita. Alimlea Meri, mtoto wa bwana wa shamba, mzungu, tangu hajaota meno. Siku ninayoisimulia Meri alikuwa anatembea na kusema, na Kinandi alikisema kuliko Kiingereza. Mama yake alikuwa amelazwa Nairobi, na bwana akaamua mtoto apelekwe karibu naye, pamoja na yaya. Rael naye alikuwa na wake, Kibet, bado ananyonya.

Bwana wa shamba aliwaleta mwenyewe, akapanga na Meneja mbele yangu. Kiti kimoja cha yaya, kingine cha Meri kando yake, na Kibet mapajani mwa mama yake. Meneja akakubali. Bwana akambusu mtoto, akarudi kwa mavuno yake.

Nikawapandisha kwanza, kama sheria. Rael alikuwa hajawahi kuingia ndege. Akaniuliza, akiniita kwa jina la binti yangu, "Baba Nekesa, hiki kitu kikianguka, tunaangukia Burnt Forest ama tunaangukia mbele?" Nikamwambia aangukie Burnt Forest, njiani hapo, viazi ni rahisi huko. Akacheka, na Meri akacheka kwa sababu yeye amecheka. Halafu wazungu wengine wakapanda, ndege ikajaa.

Ndipo pikapu likaja mbio na katoni mbili zenye matundu, vifaranga wa siku moja wanalia ndani. Mwenye vifaranga alikuwa mkubwa katika klabu ya wazungu pale mjini, na Meneja alikuwa akinywa naye. Nyuma kwenye mizigo kuna baridi, wangekufa. Hilo ni kweli, silikatai.

"Weka kuku kwa kiti ya Meri," Meneja akaniambia. "Meri nakaa juu ya yaya."

"Na huyu, Bwana?"

"Huyu nani?"

"Kibet. Mtoto wa yaya."

"Huyu nabaki. Yaya moja, toto moja. Hii sheria."

Sijui kama sheria hiyo ilikuwepo. Labda ilikuwepo. Lakini ile ya kuku kupewa kiti sikuwahi kufunzwa.

Nikasema, "Bwana, katoni ni nyepesi. Wale wawili wa nyuma wanaweza kuzishika mapajani."

"Wewe nataka abiria yangu nabeba kuku?"

Abiria walisikia yote. Mmoja alikuwa anasoma gazeti. Mama mmoja aliuliza kitu, Meneja akamjibu kwa Kiingereza huku anacheka, na mama akaendelea kufuma sweta. Sijui aliambiwa nini. Pengine alidanganywa. Macho alikuwa nayo.

Rael akaniita mlangoni. "Baba Nekesa, nishikie huyu kidogo."

Nikampokea Kibet. Meneja akafurahi, "Ndiyo, yaya muzuri." Rael akamweka Meri kwenye kiti chake Rael mwenyewe, akamfunga mkanda, akamfunga na vifungo vya sweta mpaka shingoni. Halafu akashuka.

"Rudi ndani!"

"Hapana, Bwana. Meri ameketi. Kuku wameketi."

"Yaya, kiti yako iko!"

"Ni ya Meri sasa, Bwana." Akamchukua Kibet mikononi mwangu, akamfunga mgongoni.

"Kazi nakwisha! Nasikia? Kazi nakwisha kabisa!"

"Nasikia, Bwana."

Ndani Meri akaanza kumwita kwa Kinandi. Rael alikuwa amefika kwenye ua. Alisimama, akashika waya, na nikadhani atarudi. Hakugeuka. Akashika njia ya Yamumbi, na mimi nikaambiwa nitoe kabari.

Rael alifukuzwa kazi, na nyumba yake pale shambani ikapewa mwingine. Nilisikia bwana wa shamba alikuja kumgombeza Meneja pia. Basi Meneja aligombezwa, Rael akakosa pa kulala.

Miaka ilipita nikamkuta soko la Burnt Forest akiuza viazi, Kibet amemfikia begani. Hata hajanisalimia vizuri akaniuliza, "Meri alifika salama? Nani alimtoa kwa ndege?"

Siku ile Meneja alipiga simu Nairobi nikiwa pale ofisini. Aliuliza tu kama vifaranga wamefika hai.

Nilistaafu nikiwa mkuu wa wapakiaji, na ninashukuru. Baada ya miaka mingi binti yangu alinipandisha ndege, yeye na mtoto wake na mimi. Mlangoni wakatangaza wenye watoto kwanza. Ndani tukaona mjukuu wangu amewekwa mbali na mama yake. Kabla hatujasema neno, kijana mmoja tusiyemjua akasimama, akamwachia kiti.

Nilipaswa kumshukuru. Nilimkazia macho kwa hasira, mpaka akaniuliza, "Mzee, nimekosea?"

Nikamwambia hajakosea. Alifungua tu mkanda wake, akasimama, basi. Ilikuwa rahisi namna hiyo.