Aliyenimulikia Injini ya Kilonzo

Nitenge kwanza pumba na mchele. Niliyoyasikia ni kwamba gari la marehemu Kilonzo lilikuwa likitembea bila dereva, na kwamba mbwa walilikimbia. Hayo sikuyaona, na sitayatetea popote. Haya ninayoandika yalitokea mbele yangu, nikiwa na akili timamu na bila tone la pombe kinywani. Nisadiki hapo tu, wala usiniongezee.

Kilonzo alikuwa jirani yangu hapa Mbumbuni na rafiki yangu tangu shuleni. Biashara ya pamba ilimpa gari kubwa jeusi la Kijerumani, la viti vya ngozi, lililokuwa limezeeka tayari lilipomfikia. Alipofariki, mkewe Syombua akawa analiendesha. Lakini kila alipovuka ule mto wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima, kwenda Tawa na kuanza kupanda mlima, injini ilizima.

Musembi, mdogo wake marehemu, aliyekuwa akilitamani shamba, akapata la kusema. Alitangaza sokoni kwamba gari linamkataa mjane kwa sababu linamjua aliyemuua mwenye gari. Neno mchawi likaanza kunong'onwa, na hapa kwetu neno hilo humtoa mtu kwake, au humtoa duniani. Wazee wa ukoo wakapanga kukutana ng'ambo ya mto Jumamosi. Musembi akaapa mbele yao: mama yule aje kwa gari hilo, likipanda, yeye atanyamaza, likizima, afungashe aondoke.

Mimi nilikuwa nimestaafu kufundisha umeme katika chuo cha ufundi. Nililifungua gari, nikaona ugonjwa wake. Injini ile iliamriwa na kompyuta, na amri zote zilikaa ndani ya chipu moja ndogo yenye kidirisha cha kioo mgongoni. Mwanga ukiingia kidirishani hufuta maandishi polepole, ndiyo maana hufunikwa. Kifuniko chake kilikuwa kimebanduka. Maandishi yamefifia, injini inapata joto mlimani, kompyuta inasoma makosa, gari linazima. Uchawi uko wapi hapo?

Nilipata programu nzima kutoka kwa gari la aina ileile, nikaiandika kwenye chipu mpya kwa mashine ya chuo, na kidirisha nikakifunika kwa utepe mweusi. Ile ya zamani niliianika juani hadi ikafutika yote, nikiitaka iwe akiba. Niliipima kwa mashine: tupu.

Ijumaa jioni, giza likianza kuingia, niliinama juu ya injini uani kwa Syombua. Chipu mpya ilikuwa katika mfuko wa shati. Ile tupu niliitumia kwanza kujaribia soketi, nisije nikaipinda miguu ya nzima, kisha nikaichomoa na kuilaza juu ya madigadi. Kulikuwa na mtu amesimama kuliani kwangu, amenimulikia tochi vizuri sana, na niliona mkono wa koti refu. Nilidhani ni jirani. Fundi aliyeinama hamwangalii anayemshikia taa, au siyo?

Kabla sijapeleka mkono mfukoni, akaninyooshea chipu.

"Hii hapa, mwalimu wa waya. Fanya upesi. Kesho kaveti asilale mchangani."

Kaveti ni mke, kwa Kikamba. Na mwalimu wa waya ni utani ambao mtu mmoja tu duniani alinitania nao. Lakini akili yangu ilikuwa kwenye ile miguu myembamba ya chuma. Niliipokea bila kuitazama, nikaikandamiza mahali pake. Vidole vilivyonipa vilikuwa baridi kama mtungi.

Syombua akatoka jikoni na kikombe cha chai.

"Unaongea na nani, mwalimu?"

"Na huyu anayenimulikia."

"Tochi si umeitundika mwenyewe kwenye boneti?"

Nikageuka. Tochi ilikuwa ikining'inia kwa kamba yake. Hapakuwa na mtu. Syombua alipowasha, injini iliitika mara moja, laini kama siku za marehemu.

Jumamosi aliendesha mwenyewe, nami kando yake. Tuliushuka mchanga, tukaufikia mlima, na pale pa kuzimia nilimwona akiuma mdomo. Mguu hakuulegeza. Gari likapanda! Lilipanda likinguruma hadi kileleni, na wanawake waliokuwa wakichota maji kwenye visima vya mchangani wakatupigia vigelegele. Syombua alilisimamisha mbele ya wazee na kuteremsha kioo.

"Shemeji, panda nikurudishe. Kwa miguu ni mbali."

Musembi akatazama viatu vyake. Mzee mkuu wa ukoo akamgeukia. "Ulisema likipanda utanyamaza. Basi nyamaza."

Akanyamaza. Shamba na nyumba vikabaki kwa Syombua, nasi tukarudi tukipiga honi njia nzima.

Nilipovua shati jioni ile, lilelile la jana, kitu kigumu kilinigusa kifuani. Chipu mpya ilikuwa mfukoni, na utepe wake. Nilirudi mbio kwa Syombua, nikafungua kompyuta ya gari. Chipu iliyokuwamo ilikuwa ile ya zamani, kidirisha wazi. Niliipeleka kwenye mashine, nikaisoma mwanzo hadi mwisho: hakuna kitu. Kwa chipu kama hiyo injini haiwezi hata kukohoa. Nikairudisha. Gari likawaka.

Nilitaka kuweka ile nzima. Syombua akanizuia: "Liache, mwalimu. Linanivusha." Aliliendesha miaka mingi, kanisani na sokoni Tawa, wala halikumzimikia tena.

Wanaosema alikuwa Kilonzo, waache waseme, uso sikuuona. Wewe msomaji, usimwite mtu mchawi kwa neno uliloazima kinywani mwa mwingine. Na ukishikiwa taa kazini, geuka umtazame anayekushikia, maana mimi sikugeuka mapema.

Chipu niliyoiandika ipo hapa mezani pangu, utepe mweusi ungali juu ya kidirisha. Haijawahi kuingia katika gari lolote.