Mwajiri Aliyejua Kupima Cheti

Habari za kifo chake nilizipata kwa muuza magazeti wangu hapa Nakuru. "Boss, yule mathe wa kompyuta ametuacha," aliniambia kwa sauti ya chini, na nikajua mara moja anamsema nani. Alikuwa mama wa Kisikh, mjukuu wa fundi wa reli, aliyemwachia shemeji yake duka la vitambaa na kufungua kampuni ya kutengeneza tovuti, wakati wengi wetu tulidhani hiyo ni michezo ya vijana. Mimi nilikuwa nikimnyooshea lugha ya kurasa zake, na hivyo nikapata kuketi naye alipokuwa akiajiri.

Mapema mwaka huu, shamba moja la maua kule Ndabibi lilikuwa likipoteza wanunuzi wa ng'ambo. Walikuwa wameuona kwenye runinga moshi wa nyumba zilizochomwa Bonde la Ufa katika ghasia za baada ya uchaguzi, wakaamini hakuna anayechuma ua tena. Mwenye shamba alihitaji tovuti ya kuwaonyesha kwamba kazi inaendelea. Bila oda angewarudisha wafanyakazi nyumbani, na baadhi yao hawakuwa tena na nyumba. Mama akatangaza nafasi ya kazi. Kijana mmoja wa mtaa wa Section 58 alileta vyeti vizuri sana. Mama akavisoma vyote, kisha akamwambia kwa upole, "Hivi ni vya kukarabati kompyuta. Wewe ni fundi, lakini mimi natafuta mjenzi wa tovuti." Baada yake akaingia dada mmoja aliyehifadhiwa na shangazi yake mtaani Kaptembwo. Alikuja mikono mitupu.

"Cheti kiliungua na nyumba," alisema. "Lakini mtihani nilipita, madam."

Mpwa wa mama, msimamizi wa ofisi, akatikisa kichwa. "Aunty, hiyo kila mtu anaweza kusema. Client akiuliza qualifications, tutamwonyesha nini?"

"Umeuliza vizuri," mama akamjibu. "Basi tuwaulize waliomtahini." Akawaandikia barua pepe palepale, kisha akampa yule dada picha za shamba. "Nitengenezee ukurasa mmoja, halafu unieleze kwa nini umeufanya hivyo."

Dada alizipunguza picha ili zifunguke haraka hata kwenye intaneti yetu ya kusuasua, na mbele kabisa akaweka akina mama wakifunga waridi la asubuhi hiyo. Alieleza kila hatua bila kubabaika. Kesho yake jibu likaja: alikuwa amefaulu vizuri. Mpwa mwenyewe aliuchapa ujumbe ule, akampelekea yule dada kwenye meza yake mpya na kumwomba radhi. Tovuti ikapanda mtandaoni, oda zikaanza kurudi, na siku lori la kwanza lilipotoka Ndabibi limejaa maua, ofisi nzima ilikula sambusa za mama.

"Cheti ni shahidi," alipenda kusema. "Shahidi huitwa, na akishafika huhojiwa." Wapo waajiri wanaoabudu karatasi, na wapo wanaoidharau. Wote hukwepa kazi ya kuuliza. Jana, kwenye ibada ya kumuaga, yule dada ndiye aliyezungumza kwa niaba ya wafanyakazi. Sasa ni kiongozi wa watengenezaji wote wa tovuti pale ofisini, na usaili anaufanya yeye.

Katika miezi ile ambayo mtu aliulizwa jina la ukoo wake kabla ya kitu kingine chochote, mama huyu aliuliza mawili tu: umesomea nini, na unaweza kufanya nini? Akayangoja majibu. Ndugu mwajiri, ukitaka kumuenzi, mwite anayesubiri nje ya mlango wako, umuulize hayo.