Kigoda kitupu kando ya cherehani ya Bertila

Saa mbili asubuhi, ukungu wa kijiji cha Yakobi bado haujaamua kuondoka, na Bertila Mwalongo anapuliza pasi yake ya mkaa akiwa amevaa sweta mbili. Gauni la kipaimara la binti mmoja wa Makambako limekamilika. Analinyoosha, analitundika ukutani, analipiga picha. Kisha, kabla ya kuituma picha popote, anageuka na kukitazama kigoda kitupu kilicho kando ya cherehani.

"Namtazama mwenye gauni," anasema huku akicheka. "Hayupo, najua. Lakini angekuwa amekaa hapa, ningeirusha bila kumwomba?"

Anampigia simu mama wa binti. Mama anakubali, na hapo hapo anaagiza sketi yake mwenyewe.

Bertila ni fundi cherehani, mama wa watoto watatu na mwimbaji wa sauti ya pili katika kwaya ya parokia yao, nje kidogo ya mji wa Njombe. Karibu nusu ya wateja wake humpata kupitia simu, na wengi wa hao hawajawahi kukanyaga dukani kwake. Mwezi ukiwa mzuri, simu hiyo ndiyo inayolipa ada za shule. Ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa machozi mwaka jana.

Katika parokia hiyo, sare mpya ya kwaya ni siri. Kitambaa hununuliwa kimya kimya, hushonwa pazia likiwa limeshushwa, na waumini huiona sare kwa mara ya kwanza kwaya inapoingia kanisani siku ya sikukuu ya somo wa parokia, mtakatifu msimamizi wao. Wapo wanaowahi mabenchi ya mbele kwa sababu hiyo tu, ingawa hawatakiri mbele ya padri.

Mwaka jana kwaya yake ilimkabidhi kazi hiyo: kitenge cha zambarau chenye maua ya njano. Gauni la kwanza lilipotoka, Bertila alilipenda kupita kiasi. Akaliweka kwenye stetasi ya simu yake, wateja wote walione, na kuandika, "Mungu ni mwema, karibuni wateja." Hakuandika ni la nani.

Walioliona ni pamoja na watu wa kwaya ya pili ya parokia hiyo hiyo. Hawakuwa na nia mbaya. Waliona kitenge kizuri kwenye tangazo la fundi, wakateremka Makambako, wakakipata, wakampa fundi wa huko aitwaye Rodrick. Siku ya sikukuu kwaya ya kwanza ikaingia kwa madaha. Nyuma yake ikaingia ya pili, zambarau na maua ya njano vilevile. Kanisa likaguna, kisha likacheka, na padri akazipongeza kwaya hizo kwa kuungana.

Bertila aliimba misa nzima akiangalia viatu vyake. Baadaye mwenyekiti wa kwaya, Flora Kihombo, alimvuta pembeni. Hakugomba, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi.

"Mama Jenifer," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe wa kwanza, "ungeniuliza tu."

Kwa wiki kadhaa Bertila hakugusa mtandao. Wateja wakapungua. Mumewe, Ambrose, anayelima viazi, ndiye aliyemtania kwamba hata mkasi ulishawahi kumharibia vitambaa vya watu, mbona hakuutupa. Akairudia simu, ila akaweka kigoda. Tangu hapo, chochote kinachomhusu mtu, kwanza anamkalisha hapo mhusika.

"Nikifanya toba ya jioni, siku hizi naanzia kwenye simu," anasema. "Dhambi za simu zinajificha. Mtu anatuma habari za ndoa ya jirani, chini anaandika tumwombee. Sasa kama ni kumwombea, si Mungu anamjua tayari?"

Mtihani wenyewe umekuja mwaka huu. Flora alikuwa hajasema nani atashona sare, na minong'ono ilidai kitambaa kitapelekwa kwa fundi wa mjini. Bertila alikosa raha. Kuikosa kazi kungemuuma, lakini kilichomuuma hasa ni kwamba wenzake anaosimama nao wakiimba walikuwa hawamwamini tena.

Ndipo Rodrick, kwa kujivunia kazi yake, akatupia picha ya gauni jipya kwenye kundi la mafundi la mtandaoni, alimo na Bertila. Kifuani lilikuwa na nembo ya kwaya ya pili.

"Siku hiyo shetani alikuja akakaa kwenye kigoda changu," anasema Bertila. "Akaniambia, mpelekee Flora, utapendwa."

Ilimbidi amwondoe shetani na kumkalisha Kristofa, mwenyekiti wa kwaya ile, na koti lake la kila Jumapili. Akampigia Rodrick: "Kaka, ifute sasa hivi. Hiyo ni sare ya watu, na siku yao haijafika." Rodrick akaifuta. Bertila naye akafuta nakala iliyoingia kwenye simu yake. Jioni hiyo kwenye mazoezi, wenzake walipobahatisha wapinzani watavaa nini, yeye alikuwa akitafuta ukurasa wa wimbo.

Mazungumzo yanakatizwa na sauti mlangoni: "Kamwene." Ni Flora, ameingia na salamu ya Kibena na fuko kubwa mkononi. Anaeleza kwamba Rodrick alimwungamia Kristofa, na Kristofa hakuweza kukaa na jambo hilo. Alimfuata Flora baada ya misa na kumsimulia lote.

"Kushona wanajua wengi," anasema Flora, na kuliweka fuko juu ya kigoda.

Bertila anafungua, anashika kitambaa, na machozi yanamlengalenga. Rangi yake mwandishi ameiona, na haiandiki.

Ana mpango sasa: cherehani ya pili, na ukurasa maalumu wa sare za kwaya, utakaofika mpaka Wanging'ombe. Picha ya kwanza itakuwa ya sare hii, Jumatatu baada ya sikukuu.

"Jumatatu hiyo weka tu," Flora anamwambia akitoka. "Ruhusa nimeshatoa."

"Nitakuuliza tena," anajibu Bertila, na kushusha pazia.