Sura Yangu Ilikuwa Kwenye Chupa

Mimi ndiye niliyewaunguza. Haikuwa samli ya Mama Limi, haikuwa ng'ombe wake, haikuwa mkono wake. Ni mimi, na nilijua kabla chupa ya kwanza haijafungwa kifuniko.

Jina langu sitaliandika. Watu wa Ifakara watanitambua wenyewe, maana sura yangu wanayo. Ilikuwa kwenye lebo.

Nianze na sura hiyo. Nilipokuwa binti, Mwajuma wa saluni alinikorogea mkorogo. Namtaja. Mwajuma, popote ulipo, Mungu anakuona! Alichanganya krimu hii na ile, na maji ya kitu nisichokijua kwenye chupa ya soda, akaniambia nitang'aa mpaka mawifi wanune. Niling'aa kweli. Halafu mashavu yakaiva kama nyanya, yakachubuka, yakarudi meusi na magumu kama kisigino. Mawifi hawakununa. Walicheka.

Nimezeeka na mashavu haya. Mtu akinitazama sana sokoni namtolea macho mpaka aangalie pembeni.

Sasa miaka hii mambo yamegeuka. Wanawake wa mjini wamechoka kuungua. Kila mmoja anataka kitu asilia, kisicho na kemikali, anataka kujua kimepikwa na nani na wapi. Ndipo akaja Rehema kutoka Dar, binti mwenye maneno mazuri, akakuta kikundi chetu kinapika mafuta ya kupaka kwa samli, ufuta na nta ya nyuki. Tulikuwa tunauziana sisi kwa sisi, na wakunga kidogo. Rehema akanusa, akajipaka, akasema haya ndiyo wanayoyalilia kule.

Alitaka chupa za vioo, plastiki hapana. Akatufundisha tusitupe vitu ovyo, chombo kikitumika kioshwe kitumike tena, dunia imechoka na takataka. Hilo neno nililishika kuliko yote. Mtaona nililitumiaje.

Halafu akaniona mimi. Akasema, "Mama, wewe ndiye utakayeuza haya mafuta." Akanipiga picha. Nikabandikwa kwenye chupa, na maneno kwamba huyu mama aliungua na mkorogo, akaokolewa na mafuta ya asili. Mimi! Uso niliokuwa nauficha kwa khanga, watu wanaulipia. Nilitembea mtaani kama nimechaguliwa diwani.

Samli ilitoka kwa Mama Limi. Yeye ni Msukuma, wazazi wake walihamia huku na mifugo akiwa mdogo, nyumba yake ilikuwa njia ya kwenda Namawala. Mnajua wenyewe sisi wenyeji tunavyowasema wafugaji, ng'ombe wakiingia kwenye mpunga. Lakini samli yake haikuwa na mfano. Na kanuni kubwa ya kikundi ilitoka kwake. Alisema kwao, anayekukaribisha maziwa huonja kwanza yeye mbele yako, ndipo akupe. Tukakubaliana na sisi iwe hivyo: aliyepika chungu hujipaka kwanza usoni, wenzake wanamwona, wanakaa siku mbili, ndipo chupa zitoke.

Sasa nifike kwenye uchafu wangu.

Zamu ya kupika ilikuwa yangu, oda kubwa kuliko zote. Mafuta yakiiva huwa tunayachuja na kuyapoza kwenye ndoo za kikundi. Siku hiyo ndoo moja ilikuwa imeazimwa msibani. Mafuta yamebaki jikoni, yanataka pa kwenda. Nyuma ya nyumba kulikuwa na dumu la dawa ya magugu, ile tunayopulizia shamba la mpunga. Baba watoto alilimaliza akaliacha pale. Na yeye namtaja kwa kosa lake, dumu la sumu haliachwi karibu na jiko!

Huku kwetu dumu la dawa halitupwi. Linasuguliwa kwa mchanga na majivu, linaanikwa, kesho lina mafuta ya taa, keshokutwa lina maji ya kunywa. Sote tunafanya. Nikalisugua, nikamwaga maji ya moto, nikajisemea Rehema si alisema vyombo vitumike tena.

Nikamimina mafuta yakiwa bado na moto.

Jamani, harufu ilipanda! Ile ile ya shambani, inayokaba koo siku ya kupulizia. Nikasimama pale na sufuria mkononi. Ningeweza kumwaga. Ng'o! Rehema alikuwa ameshapanga gari, na mimi ndiye niliye kwenye lebo. Nikaenda kukata mchaichai, nikautwanga, nikautia mwingi, nikachuja tena kwa kitambaa nikikamua kwa mikono yangu miwili. Harufu ikajificha. Nikaambia moyo wangu, imekwisha.

Siku ya kujipaka tulikaa kwa Dafrosa, mwenyekiti wetu. Mafuta niliyojipaka yalikuwa ya chungu cha zamani. Nilikuja na chupa yangu ya nyumbani, nikaikung'uta mbele yao, nikapaka shavu hili na shavu hili. Dafrosa akanitania kwamba naanza kufanana na picha yangu. Wakacheka, nami nikacheka.

Jioni ile viganja vyangu vikaanza kuwasha. Siku ya pili vimetoa malengelenge. Nikajua kilichomo kwenye zile chupa. Na bado nikasaidia kuzipakia.

Chupa moja haikwenda Dar. Dafrosa aliichukua kwa ajili ya binti yake, Neema, aliyekuwa anaolewa Jumamosi ya wiki ile. Neema nimembeba mgongoni. Alipokuja kunialika aliniamkia shikamoo, akaniambia amejipaka uso, shingo na mikono ili afanane na mimi, yaani apone kabla hajaugua. Mtoto alikuwa anatania. Nikajifanya naita kuku.

Siku mbili baadaye uso wa Neema ulivimba, macho yakabaki mstari. Shingo ikachubuka. Daktari akamuuliza amepaka nini, akajibu, "Asilia." Alifunga ndoa na shela limeshushwa mwanzo hadi mwisho, hata wakati wa picha. Mama mkwe wake akawa anauliza watu kama binti waliyemposa ndiye huyo.

Rehema naye akapiga simu, wateja wake wanaungua. Mmoja alimpaka mtoto mdogo mgongoni. Mtoto alipona, namshukuru Mungu, lakini nilikuwa sijui kama atapona nilipokwenda kwenye kikao.

Kikao kilikuwa barazani kwa Dafrosa. Mtu akasema tatizo lazima liwe samli. Mwingine akadakia kwamba wafugaji wanaogesha ng'ombe kwa dawa za kupe, zinaingia kwenye maziwa. Wakamgeukia Mama Limi, ameogesha lini. Akasema kweli, hakuficha, kwamba aliogesha, lakini samli ile ilikuwa ya maziwa ya kabla ya hapo. Nani alimsikiliza? Walishasikia neno aliogesha.

Hapo ningenyamaza tu ingekuwa dhambi ya kunitosha. Sikunyamaza. Nikasema, "Hata mimi siku ile samli niliisikia harufu. Nikaona aibu kumwambia mwenzangu."

Sijui neno lile lilitoka wapi. Nasema uongo tena. Najua lilikotoka.

Mama Limi alinitazama kwa utulivu, kama mtu anayetafuta ng'ombe wake katikati ya kundi la wengine. Akauliza, "Dada, wewe ulijipaka mbele yetu. Mbona wewe hukuungua?"

Wote wakanigeukia. Nikashika mashavu yangu. "Ngozi yangu ilishakufa kwa mkorogo," nikasema. "Haisikii kitu."

Wakanionea huruma! Dafrosa akanishika bega. Ule uso ambao Mwajuma aliuharibu, leo umenifaa kumharibia mwenzangu. Na muda wote huo viganja vyangu vilikuwa vinachubuka chini ya khanga.

Mama Limi akafukuzwa kikundini. Ikawa haiishii hapo. Mjini wakakataa maziwa yake, na binti yake Limi akiingia shuleni wenzake wanaziba pua. Mume wake akaona isiwe tabu, wakahama na ng'ombe wao upande wa Mlimba. Kikundi nacho kikafa, Rehema hakurudi. Neema alipona, ila shingo ina mabaka, anavaa mtandio kwenye jua kali kama mimi nilivyokuwa nikivaa. Kila nikimwona naona nimemzaa mara ya pili, kwa ubaya.

Nililifukia lile dumu. Usingizi haukurudi. Mwezi uliopita nikapanda treni mpaka Mlimba, nikauliza njia, nikaipata nyumba yake. Alikuwa anafagia uwanja. Akanipokea mzigo, akaniuliza habari za nyumbani, akaniuliza Neema anaendeleaje. Alianza na Neema!

Nikafungua viganja vyangu tu, vina makovu mpaka leo, nikamwonyesha.

Akavitazama, akavirudisha mapajani mwangu. "Nilijua siku ile ile," akasema. "Pale barazani chai ilipokuja ulishika kikombe kwa khanga, nayo ilikuwa imepoa."

Nikamuuliza kwa nini hakusema mbele ya watu.

"Ningesema mimi, dada, nani angenisikia?"

Akaingia ndani, akatoka na kibuyu cha maziwa, akamimina kwenye kikombe. Akanywa yeye kwanza, fundo moja, nikimwona. Ndipo akanipa. Nilinywa nikilia, kamasi na maziwa vyote pamoja, mtu mzima mimi.

Nikamwomba anisamehe. Hakusema ndiyo, hakusema hapana. Alisema, "Haya uliyonieleza nilikuwa nayajua. Kawaambie wasioyajua."

Ndiyo maana naandika. Nimewataja Mwajuma, baba watoto na Rehema kwa sababu nina uchungu, na kila mmoja ana lake. Lakini kati yao hakuna aliyeshika ile sufuria. Nimelitafuta jina jingine la kuweka hapo nimelikosa.

Wenzangu mnaopika mafuta na sabuni za asilia, soko limefunguka, wateja wanatuamini kuliko maduka makubwa. Msichezee imani hiyo. Dumu la dawa likiisha litobolewe, lisirudi jikoni hata likisuguliwa wiki nzima. Na kanuni ya Mama Limi mwifuate kwa chungu kile kile mnachouza, siyo kwa chupa ya mfukoni kama mimi. Nanyi mnaonunua, msidanganyike na neno asilia wala na sura ya mama aliyeungua. Mwambie muuzaji afungue hiyo hiyo chupa unayoichukua, ajipake ukiwa unamtazama. Akianza kutafuta nyingine, ondoka.

Dafrosa bado hajui. Jumapili baada ya ibada nakwenda barazani kwake, na nimemwomba Neema awepo. Chai ikiletwa, kikombe nitakishika kwa mikono mitupu.