Samli ya Bibi Hotelini

Juzi nilikuwa Lushoto. Nilipopita kibanda cha chipsi karibu na stendi, harufu ya mafuta yaliyochoka ikanipanda puani, nikageuka pembeni kutema mate. Usinicheke, rafiki yangu. Kichefuchefu hicho nakijua tangu utotoni.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru na maduka yakaanza kujaa vitu tena. Bibi aliyenilea kule Shume alifuga ng'ombe na kutengeneza samli. Siku za gulio tulishuka Lushoto na lori la mbao, mimi mapajani mwake, kopo la samli miguuni likiwa limefunikwa kwa jani la mgomba.

Mjini kila mlango ulikuwa na harufu yake. Duka la sabuni za nje lilinukia hadi barabarani. Kwa fundi cherehani palinuka pasi ya mkaa. Robota la mitumba likifunguliwa, lilitoa ukungu, dawa ya nondo na jasho la watu tusiowajua, na akina mama waligombania sidiria humo humo. Kwa mwenye bucha nilitoa shikamoo, naye akaniwekea kichwani mkono uliolowa damu. "Marahaba, mjukuu." Nilishinda na harufu ya utumbo nyweleni.

Tulimalizia hotelini. Mwenye hoteli, mtu wa Tanga, alichukua samli yote, na chapati zake zilisifika mji mzima kuwa ni za samli ya bibi wa Shume. Bibi alijifanya hasikii, lakini siku hizo alitembea kifua mbele.

Gulio moja, mwalimu wangu alitukuta mlangoni. "Shikamoo bibi. Samahani, samli yako siku hizi inawasha koo. Juzi nimetapika."

Bibi alipita moja kwa moja hadi jikoni, nami nyuma yake. Kwenye karai palikuwa na mafuta meusi, mazito, mabawa ya nzi na miguu ya mende vikielea. Mpishi alikuwa akitumbukiza humo kijiko kimoja cha samli yetu, ili yanukie.

"Ndiyo nini hii?"

Mwenye hoteli alikuja akicheka. "Bibi, sasa hivi ni ruksa, kila mtu anatafuta. Samli yako si naichukua yote?"

"Umechukua na jina langu. Hilo sikukuuzia."

Akachota mafuta yale kwa upawa, akaenda nayo mbele, meza hadi meza. "Nuseni! Hiki ndicho mnachokula mkinitaja mimi." Mzee mmoja alitemea chapati kiganjani. Wengine waliinuka wakiziba midomo. Lakini meza ya mwisho, wanaume wawili walisogeza tu sahani zao ili apite, wakaendelea kutafuna.

Bibi hakupeleka tena samli mjini. Alitutengenezea sisi tu, mpaka ng'ombe wa mwisho alipouzwa. Nilisikia hoteli ilijaa kama kawaida, na chapati ziliendelea kuitwa kwa jina lake.

Sasa bibi hayupo, na hoteli ile imebomolewa. Wenzangu wa rika tukikutana, hukumbushana chapati zile na kulamba vidole vitupu, wakisema utamu ule hautarudi tena. Mimi huinuka nikatoka nje, nikasimama huko mpaka wabadilishe mazungumzo.