Supa ya Mama wa Maziwa

Juzi nimeingia supa moja pale Kitengela kununua unga, askari Mmaasai wa mlangoni akaniambia, "Supa!" Wee, nilivyofurahi! Nikaitika "Ipa!" kwa sauti hadi watu wakageuka.

Acha nikusimulie. Miaka ya tisini ikiisha, tulihamia hapo kutoka Ukambani, nyumba ya mawe katikati ya nyasi, pundamilia wakijipitia nyuma ya choo. Kila asubuhi mama mmoja Mmaasai alituletea maziwa, shanga zikimlia shingoni, na akifika getini anaita, "Supa!" Nilikuwa darasa la nne, nikichekwa shuleni kwa paji langu pana. Na supuu, neno la vijana mtaani, nililijua: ni msichana mrembo! Basi nikaamini ananiita mimi. Kila akiita niliacha uji mezani, nikajipaka mafuta uso mzima, nikatimua mbio kwenda kuitwa mrembo.

Mama yangu yeye alisikia supu. "Maskini, anaomba kila siku na sisi tunajifanya viziwi," akasema. Jumamosi akachemsha mifupa tangu alfajiri, na majani ya dania juu, akampelekea kikombe kizima. Mama wa maziwa alishangaa, akanywa yote, kisha akacheka mpaka akaketi chini.

"Mama, supa ni salamu tu, inajibiwa ipa. Nasalimia nyinyi, na nyinyi hamuitikii!"

Mama yangu akacheka hadi machozi. Mimi nililia kweli kweli. Kumbe ni salamu ya kila mtu, hata wenye mapaji madogo!

Jumatatu nikajificha jikoni. Nikamsikia getini: "Ile msichana yangu iko wapi?" Mama yangu akamnyooshea sufuria. "Hapana," mama wa maziwa akakataa. "Hii maziwa haitoki mpaka yeye akuje."

Nikatoka, uso mkavu bila mafuta. Akaniinamisha kichwa, akaweka kiganja juu ya lile paji, ndivyo Wamaasai wanavyowasalimu watoto wao. Kilinuka moshi na maziwa. "Supa." Nikasema, "Ipa." Ndipo akamimina.

Siku hizi nyasi zote ni ploti, maziwa ni ya pakiti, na yeye na watu wake walihama na ng'ombe wao kuelekea Kajiado ndani, hatukumwona tena. Urembo nimeshasifiwa, mume wangu hachoki. Lakini hajatokea mwingine wa kugoma kumimina maziwa mpaka mimi nitoke nisalimiwe.